Kipima unyevu cha pini mbili mbele ya kuni za Bukavu

Gogo la mkaratusi halihitaji kukauka ili lipasuke. Mti huu hukua ukiwa umejikaza kwa ndani, na shoka likishauangusha, mkazo ule unafunguka: ncha ya gogo inachanika kuanzia kwenye moyo hadi karibu na gome, mara nyingine siku ileile, maji yote yakiwa bado ndani. Gogo hilo linapanda kamyo huko Kabare au Walungu, linafika depo mjini, na mwenye depo anaingiza ukucha kwenye ufa: “Mama, hii iko kavu kabisa, ona namna imepasuka.” Kuhusu ufa hasemi uongo, ufa upo. Ukavu ndio haupo.

Kifaa kinachotathminiwa hapa ni kile kidogo cha plastiki chenye pini mbili za chuma na kioo cha namba, ambacho mafundi wa mbao hukitumia kabla ya kuunga milango na makabati. Kinaingia mfukoni, na kwa ukubwa na utengenezaji ni ndugu wa multimeta ya fundi umeme. Majina yanayoandikwa kwenye boksi ni mengi, lakini ndani ya plastiki kazi ni ileile, kwa hiyo tunaongelea aina nzima wala si jina moja. Swali ni moja tu: je, kinamfaa mkaaji wa Bukavu anayenunua kuni za shemine, yaani meko ya ukutani, au za jiko la chuma lenye bomba? Mji uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na jioni za mvua, kwenye nyumba za zamani zenye dari refu, baridi inaingia mapema. Jibu letu ni ndiyo, kwa masharti mawili: upasue kipande kwanza, na uelewe namba kwenye kioo inahesabu nini. Ukikosa hayo, ukucha wa muuzaji na kioo cha kifaa vina thamani moja.

Kifaa hakipimi maji yenyewe. Kinapitisha umeme mdogo wa betri kutoka pini moja hadi nyingine na kupima ukinzani: mti mkavu huuzuia umeme, mti wenye maji huupitisha. Kisha kinageuza ukinzani huo kuwa asilimia. Chini ya 6 au 7 ukinzani ni mkubwa mno, kifaa kinaanza kubahatisha. Juu ya 28 au 30 kuta za nyuzi za mti zimeshashiba, na maji yanayozidi hapo yanakaa kwenye matundu ya ndani bila kubadilisha umeme sana. Ndiyo sababu kipande kimoja kibichi kinaweza kukupa 38, kisha 44, kisha 35, pini zikihamishwa vidole viwili tu. Wengi hukasirika hapo na kusema kifaa ni kibovu. Si kibovu, umekiuliza swali lisilo lake. Ukiona zaidi ya 30, soma “mbichi” na uendelee na kipande kingine.

Sasa hiyo asilimia. Maelekezo ya majiko yanayotoka Ulaya husema kuni ziwe chini ya asilimia 20, na kwa kawaida wanahesabu maji juu ya uzito mzima wa kuni. Kifaa cha pini kinahesabu juu ya uzito wa mti mkavu peke yake, kwa sababu kilitengenezwa kwa ajili ya mafundi wa mbao na hiyo ndiyo hesabu yao. Chukua kipande cha gramu 1,000. Kikikauka kabisa kikabaki gramu 800, maji yalikuwa 200. Mwenye jiko atasema asilimia 20, kwa kuwa 200 ni sehemu ya tano ya 1,000. Kifaa kitasema 25, kwa kuwa 200 ni robo ya 800. Kipande ni kilekile, maji ni yaleyale. Kwa hiyo 25 kwenye kioo ndiyo mpaka wa kukubalika. Ukipata 20 kwenye kioo, furahi: kwa hesabu ya mwenye jiko hiyo ni karibu 17.

Kuna maneno yanayorudiwa sana kwamba maji “yanakula moto wote”. Si hivyo hasa. Tuseme umenunua kilo 10 za mkaratusi uliokatwa juzi, karibu nusu yake ni maji. Zile kilo 5 za mti zinabeba nishati ya karibu megajuli 90. Kuchemsha na kugeuza mvuke kilo 5 za maji kunadai karibu megajuli 13. Ni sehemu moja ya saba. Hasara kubwa iko kwingine: moto uliopoa kwa mvuke hauwezi kuunguza moshi wake wenyewe, na moshi huo ni kuni uliyoilipia. Unapanda kwenye bomba, unakutana na ubaridi, unaganda kuwa lami nyeusi inayong'aa. Siku moja utawasha moto mkali na lami hiyo itashika, bomba lingurume kama gari. Na tusisahau kwamba kati ya zile kilo 10 zilizobebwa mgongoni kutoka barabarani, 5 zilikuwa maji.

Namna ya kupima ndiyo sehemu inayoharibiwa zaidi. Usichome pini kwenye ncha ya kipande. Maji hutoka kwenye ncha kwa kasi ya mara 10 hadi 15 kuliko ubavuni, hivyo ncha inaweza kuonyesha 15 huku katikati kukiwa bado 35. Usichome kwenye ngozi ya nje pia: mvua ya asubuhi itakupa 30 juu ya kuni iliyokauka vizuri, na jua la mchana litakupa 14 juu ya kuni mbichi. Pasua kipande kwa urefu, chukua uso mpya uliofunguka sasa hivi, nenda katikati yake, elekeza pini mbili sambamba na nyuzi, kisha kandamiza kwa kiganja hadi pini ziingie zote. Hesabu polepole hadi tano ili namba itulie. Hamisha upana wa kiganja, rudia mara tatu. Ishike namba ya juu kabisa, si wastani: moto utasubiri sehemu yenye maji mengi.

Usipige kifaa kwa nyundo. Mkaratusi uliokauka ni mgumu, na pini zikigoma kuingia hiyo yenyewe ni habari njema. Zikiinama, soketi zake ndani ya plastiki hulegea, na kuanzia siku hiyo namba zinacheza. Nunua chenye pini za kufungua kwa mkono na akiba ya pini ndani ya boksi. Vile ambavyo pini zimegandishwa moja kwa moja kwenye plastiki viache dukani.

Depo inahitaji adabu kidogo. Omba kwanza: “Papa, unaruhusu nipasue kimoja?” na ukichukue hicho ulichopasua, hata usiponunua vingine. Vipande uchague wewe, si vile vya juu vilivyoota jua wiki nzima. Kimoja cha chini ya rundo, kimoja cha ndani, kimoja kinene kuliko vyote. Vitano au sita kwa steri, yaani mita moja ya ujazo ya kuni zilizopangwa, vinatosha kukupa picha. Beba kishoka chako, kwa maana shoka la depo mara nyingi liko kazini. Na usishangae mtu akisogea kuuliza kama kifaa hicho kinapima dhahabu. Hapa kwetu ni swali la haki.

Tuseme depo inauza steri mbichi kwa dola 30 na “kavu” kwa 45. Kama vipande vitano kati ya sita vinasoma zaidi ya 30, zile dola 15 umelipia neno. Chukua ile ya 30 na uikaushe mwenyewe. Lakini kama vingi viko 22 hadi 26, tofauti hiyo ni halali: mtu ametoa nafasi yake na miezi yake. Hapo ndipo kifaa kinajilipa, maana kinageuza mabishano ya “kavu, si kavu” kuwa namba ambayo wote wawili mnaiona. Wauzaji waaminifu hawakichukii. Baadhi yao watakuomba ukiache hadi kesho.

Kitu kifaa hakitakusaidia nacho ni ujazo. Steri ni mita moja kwa moja kwa moja ya kuni zilizopangwa, hewa ikiwemo. Steri ya magogo ya mita moja ikikatwa vipande vya sentimita 50 na kupangwa upya inabaki karibu 0.8; ikikatwa vya sentimita 33 inabaki karibu 0.7. Vipande vifupi hujibana vizuri, hakuna aliyeiba. Mkubaliane kabla ya kulipa: steri ilipimwa kabla ya kukatwa au baadaye? Beba futi ya fundi, usipime kwa macho, na ukatae rundo lililomwagwa tu chini badala ya kupangwa.

Kwa kuwa kuni nyingi utakazopima zitakuwa mbichi, tathmini ya kifaa hiki haikamiliki bila kusema unachofanya baada ya kusoma “35”. Bukavu mvua inanyesha karibu kuanzia mwezi wa tisa hadi wa tano. Kiangazi cha kweli ni mwezi wa sita hadi wa nane. Anayenunua mwezi wa tano na kupasua palepale anapata miezi mitatu ya upepo mkavu. Anayenunua mwezi wa tisa amenunua kuni za mwaka ujao, akubali tu. Mkaratusi pasua ukiwa mbichi: shoka linaingia kwa mapigo machache. Ukingoja ukauke, nyuzi zake zilizosokotana zinalikataa shoka, na utatafuta kabari za chuma. Unene wa sentimita 8 hadi 10 unatosha. Gogo la mviringo lisilopasuliwa linabaki na gome lake kama koti la mvua lililovaliwa kinyume, maji yakizuiwa yasitoke.

Panga juu ya mawe au miti miwili, sentimita 15 hadi 20 kutoka ardhini, la sivyo safu ya chini ni ya mchwa. Safu iwe moja tu kwa unene, siyo rundo, na kati yake na ukuta pabaki nafasi ya kiganja. Bati juu, pembeni wazi. Kosa tunaloliona kila kona ni bashi, yaani turubai, iliyofungwa pande zote hadi chini: ndani inatoka jasho asubuhi, ukungu mweupe unaota, na baada ya miezi mitano kifaa kinasoma karibu kile kilichosoma mwanzo. Kwenye parseli zetu za mlimani, ambako nafasi ni ya kugombania, ukuta unaopata upepo wa ziwa ni bora kuliko ukuta unaopata jua bila upepo.

Wakati wa kukausha, kifaa kikae kabatini. Fuata maendeleo kwa mizani: tia alama ya rangi kwenye vipande vitatu, vipime kila mwisho wa mwezi, andika gramu. Uzito ukiacha kushuka, pasua kimoja na sasa ndipo uchome pini. Ujue pia kikomo: kuni haikauki kupita hewa inayoizunguka. Hewa yenye unyevu wa asilimia 80 inaishikilia kuni kwenye 16 hivi. Ya asilimia 60 inaiacha ishuke hadi 11. Ukisoma 8 mwezi wa kumi na moja kwenye kuni iliyolala nje, badili betri.

Kasoro kubwa ya vifaa hivi, na hapa tunakata alama, ni kwamba havijui mkaratusi. Vingi vimewekwa sawa na mti wa Douglas wa Amerika Kaskazini, na hata vile vyenye orodha ya miti ya kuchagua, mara chache utakuta humo mkaratusi, grevilea au akasia nyeusi, ambayo ndiyo miti inayofika depo. Grevilea ni nyepesi, hukauka mapema na kuungua haraka. Akasia nyeusi ni nzito na ina makaa mazuri. Kila mmoja utapotoka kwa kiasi chake. Dawa ipo, na inafanywa mara moja tu kwa kila aina ya mti.

Kata kipande chembamba cha sentimita 2 kutoka katikati ya kuni, si kwenye ncha. Kabla ya hapo uwe umechoma pini palepale na kuandika namba. Pima kwa mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja: tuseme gramu 240. Weka kwenye tanuri ya umeme au ya gesi kwenye joto la nyuzi 103, saa 24. Umeme ukikatika katikati hakuna kilichoharibika. Ukirudi, endelea, kwa kuwa kinachotafutwa si saa bali uzito usioshuka tena. Pima kila baada ya saa mbili tatu mwishoni. Kikitulia kwenye gramu 192, maji yalikuwa 48, na 48 juu ya 192 ni asilimia 25. Kama kifaa kilikuwa kimesema 28, basi kwa mti huo utatoa 3 kwenye kila namba ya eneo hilo. Andika kwa kalamu ya wino mgongoni mwa kifaa: “karatusi, toa 3”. Usipandishe joto kupita 105 ili kuharakisha: mti utaanza kupoteza vitu vingine visivyo maji, na hesabu itakupotosha.

Joto la kuni nalo linaingia. Vifaa hivi vimesawazishwa kwa nyuzi 20 hivi, na Bukavu imebahatika: wastani wake uko hapohapo. Uvira, kule chini kwenye joto, mtu angelazimika kutoa kidogo kila mara. Hapa kipande kilichotoka juani ndicho pekee cha kukiweka kivulini kwanza, la sivyo kinaweza kusoma pointi mbili hivi zaidi ya ukweli.

Mambo madogo mengine. Vifaa vingi vina hali mbili, ya mbao na ya ukuta. Ikibadilika kwa bahati mbaya ndani ya mfuko, namba zote ni za ukuta. Taa za kijani, njano na nyekundu zipuuze, hazikuwekwa kwa ajili ya kuni za moto. Betri ikichoka, namba zinarukaruka hata kwenye mti mkavu, na hiyo ndiyo dalili ya kwanza kabla ya alama ya betri kutokea kwenye kioo. Kuhusu vile visivyo na pini, vya kulaza bapa juu ya ubao: ni vizuri kwa fundi wa mbao zilizopigwa randa, kwenye uso wa kuni iliyopasuliwa kwa shoka havishiki.

Nani asikinunue? Mama anayechukua fungu la kuni kwa chakula cha jioni hana haja nacho. Agonganishe vipande viwili: kavu inalia kwa sauti kali, mbichi inatoa mlio wa kuzibwa. Akiwa na shaka, apake maji ya sabuni kwenye ncha moja na kupuliza kwa nguvu kwenye ncha nyingine. Mapovu yakitoka, njia za maji zimefunguka. Jaribio hili halifanyi kazi kwa kila kipande, hasa chenye nyuzi zilizosokotana, lakini ni la bure. Kifaa ni cha mwenye nyumba anayenunua steri mbili au zaidi kwa mwaka, na nyumba za wageni zinazowasha shemine kila jioni. Hata hivyo kimoja kinatosha avenyu nzima, kikizunguka kutoka mlango hadi mlango.

Kabla ya kukitia mfukoni kwenda depo, kiwashe na ukishike hewani bila kugusa kitu. Kinatakiwa kisome sifuri. Kikitoa namba yoyote, kuna uchafu wenye unyevu kati ya pini: futa plastiki kwa kitambaa kikavu, ngoja dakika chache, ujaribu tena.